Walimwona Ameshukiwa na Roho, Naye Yu Mtupu

Saa moja asubuhi Yiamat Lesian bado anakamua, na tayari watu watatu wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, juu ya Kisongo, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Hawakuja kununua maziwa. Wamekuja kuombewa.

"Nikitoka na ndoo wanasimama, kama vile nimetoka madhabahuni," anasema, wala hacheki.

Yiamat, mwenye miaka hamsini na mbili, ni mwinjilisti wa mtaa mmoja wa Kilutheri. Posho yake haitoshi hata sukari ya mwezi, kwa hiyo ng'ombe wawili ndio wanaomlisha. Kila Jumapili husimama kando ya Mchungaji Elifuraha, mtu wa Machame asiyejua Kimaasai, akiwafikishia wazee mahubiri sentensi kwa sentensi. Amefanya hivyo miaka ishirini, na kwa muda mrefu hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo.

"Zamani Neno lilinifungukia mdomoni. Naanza kutafsiri sijaelewa, nikimaliza nimeelewa. Nilijua si akili yangu, ni kupewa."

Miaka mitatu iliyopita kukakauka. Hakukuwa na msiba, wala dhambi anayoikumbuka. Amefunga, amekesha, amelia, na hakuna kilichorudi. Anasoma Biblia kama anavyosoma tangazo la mnada wa ng'ombe.

Mwaka jana, Jumapili moja, mchungaji alihubiri kwamba kumwelewa Mungu hakupatikani shuleni. Ni zawadi, Roho humpa amtakaye. Akanyamaza, akimsubiri mtafsiri wake. Yiamat akafungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Maneno ya Kimaasai nilikuwa nayo yote. Ila nitawaambiaje wazee habari ya kitu nilichonyang'anywa mimi mwenyewe?"

Machozi yakamtoka mbele ya kanisa zima. Kina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikanyanyuka na pambio, na ibada ilipokwisha kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mwinjilisti ameshukiwa. Watu wakishaamua hivyo juu yako, kazi unayo. Kila alipokana, walizidi kumheshimu.

Namnyaki, mjane wa jirani, akamletea binti yake Silantoi, mgonjwa wa kifafa. Yiamat aliomba, kwani mwinjilisti atakataaje kuomba? Akasisitiza dawa ziendelee. Namnyaki alisikia sala, la dawa likampita. Vidonge vikabaki kabatini, na baada ya wiki chache Silantoi akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni.

Yiamat alimfuata mama huyo hospitalini, akamwita yeyo, yaani mama, kwa adabu ya kwao.

"Nilimwambia, yeyo, mimi sioni chochote. Mungu haniambii kitu. Tafadhali, mrudishie mtoto dawa."

Namnyaki akamtazama kwa upole uliomuumiza kuliko matusi. "Ndiyo maana Mungu alikuchagua wewe, baba," akamjibu. "Wenye majivuno hawasemi hivyo."

Silantoi sasa anameza dawa, kwa sababu Resiato, mke wa Yiamat, huenda kila siku kumsimamia. Mkono wake ulioungua haunyooki tena.

"Namwambia avumilie, zawadi ya Mungu haina ratiba," anasema Mchungaji Elifuraha. Yiamat humsikiliza kwa heshima, halafu hurudi nyumbani vilevile alivyokwenda.

Jumapili hii ameomba nafasi kabla ya mahubiri. Atasimama peke yake na kusema kwamba siku ile hakushukiwa na chochote, kwamba Neno limemfungia, na kwamba wagonjwa wasiache dawa kwa ajili yake. Wakimruhusu, ataendelea kutafsiri. Wazee wanamhitaji, na huenda siku moja kile anachowagawia wengine kikamfikia na yeye.

Resiato, akiwapelekea chai wale wa kwenye benchi, anatikisa kichwa. "Watapiga vigelegele tena, baba Lerionka. Unawajua."

"Nawajua," anajibu Yiamat. "Nitasema kwa Kiswahili, nitarudia kwa Kimaasai. Wakiitikia amina, mimi sina lugha ya tatu."