Sindano Iliyoonjwa Kibondo

Najua mtasema nimetunga. Darasani kwetu nikifungua mdomo tu, watu wanajiandaa kusikia uongo, na siwalaumu. Mimi ndiye niliyewaaminisha Form One kwamba mwalimu wa zamu ana pacha wake, na kwamba anayetoa adhabu ni yule pacha. Lakini hili la Kibondo ni kweli tupu, na ushahidi uko kwa bibi yangu, kijijini Rungwe Mpya. Njoo na masikio yako tu.

Na msinisubirie giza wala bundi. Mzuka wa kwangu nilikutana naye jua la utosi, siku ya soko, watu wamejaa na dagaa wananuka.

Niwaambie kwanza nilifuata nini huko. Bibi alipokimbia Burundi alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na santuri moja kaifunga kifuani kwa kitenge. Sufuria ilishatoboka. Yule mtoto ndiye baba yangu. Santuri ipo mpaka leo. Ni ya kwaya ya kanisa lao la huko, na anayeimba besi ni Babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Picha yake hatuna. Kwetu sisi, Babu ni ile besi.

Sasa masikio ya Bibi yameanza kufunga duka. La kulia limeshafunga kabisa, la kushoto linapunguza saa za kazi. Na gramafoni yetu nayo sindano yake ilikuwa butu kama kisigino. Ilikuwa ikiruka-ruka, baba mdogo akaweka sarafu juu ya kichwa kinachoishika ili itulie. Ikatulia kweli, kama jembe linavyotulia udongoni! Kila tukipiga, sauti ikawa ya vitumbua vinavyokaangwa, na Babu yumo humo humo kwenye mafuta.

"Nataka nimsikie vizuri mara moja tu," Bibi aliniambia, "kabla hili sikio halijaondoka." Akanikabidhi jogoo wake nikamuuze.

Nikamuuza. Fundi mmoja wa redio pale Kasulu akakitazama kichwa cha gramafoni, nilikuwa nimekifungua na kukiweka ndani ya kiberiti, akacheka mpaka akashika meza. Kichwa kipya? Mpaka kiagizwe Dar, na bei yake ni ya mbuzi mwenye mimba. Mimi nilikuwa na bei ya jogoo, tena jogoo mwenye kikohozi. "Jaribu Kibondo," akasema, "nyuma ya soko kuna watu wa vyuma vya zamani." Jumamosi nikapanda gari.

Nyuma ya soko la Kibondo, baada ya mama mmoja muuza dagaa, nikamkuta mzee amekaa juu ya gunia. Kavaa koti zito la baridi, vifungo vyote vimefungwa, na jua lile, lakini hata tone la jasho hana. Mbele yake kitambaa, juu ya kitambaa sindano moja ndogo ya gramafoni. Basi. Hakuna kingine. Niambieni, ni mfanyabiashara gani anatoka nyumbani na bidhaa moja?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete kiberiti."

Kiberiti kilikuwa mfukoni. Sikuwa nimekitoa. Mtu mwenye akili angeondoka hapo hapo, lakini mimi nilifurahi kwamba nimeepushwa na maelezo.

Akakigeuza kichwa kwenye mwanga. "Wanaokuambia ununue kichwa wanakuibia. Kichwa kizima hiki. Kilichoisha ni sindano, na sindano inachomoka." Akaivuta kwa kucha, tik, ikatoka kama jino la mtoto. "Chopeka hii mpya. Sarafu itupeni, ndiyo inayoilima santuri. Mkono wa gramafoni uupime kwa maharage. Rula iwe mzani, upande mmoja sindano, upande mwingine punje nne ndogo. Zikilingana, acha."

Sasa hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri. Kwetu, mtu akikukaribisha kinywaji, anaonja yeye kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Ndiyo adabu yetu, hata kwa juisi. Na mimi, mdomo wangu huu, nikaona hapo pana mzaha mzuri.

"Mzee, kwetu mwenye kutoa anaonja kwanza. Onja sindano yako tuone."

Hakucheka. Akafungua kiganja cha kushoto. Niaminini, mistari ya kile kiganja haikuwa kama yangu na yako. Ilizunguka. Myembamba, mingi, mduara ndani ya mduara, mpaka katikati. Akaiweka sindano ukingoni mwa kiganja, akaanza kukizungusha kiganja polepole, na kwaya ikaimba. Bila spika, bila waya! Soprano, alto, na chini yake besi niliyoijua tangu utotoni, safi, haina hata kitumbua kimoja.

Akaiinua. Kimya.

"Nimeonja," akasema. "Sasa nipe na mimi nionje chako."

"Nina hela ya jogoo tu, mzee."

"Hiyo kamnunulie bibi yako sukari. Nipe ulichokuja nacho mdomoni."

Ungefanya nini? Mimi nikiogopa nacheka, ndivyo nilivyoumbwa. Kikanitoka kicheko changu chenyewe, kile cha kupanda juu halafu kinakwama kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Mzee akarusha mkono hewani kama mtu anayekamata nzi, akafumba ngumi, akaiingiza ndani ya koti.

"We mtoto!" Ni yule mama wa dagaa. "Unacheka na gunia?"

Nikageuka kumjibu. Nikageuka tena. Kweli, gunia. Juu yake kiberiti changu, na ndani yake kichwa kikiwa na sindano mpya.

Nilifika Rungwe Mpya bado jua lipo. Nikafunga skrubu, nikaunganisha vile viwaya vyembamba kama nyuzi, nikatupa sarafu, nikapima kwa rula na maharage ya Bibi mwenyewe. Baba mdogo alikuwa akinicheka mlangoni, "Haya fundi, baadaye utapika hayo maharage au utayapigia muziki?" Nikaunganisha sabufa yake, nikamkalisha Bibi sikio la kushoto likiwa karibu kabisa.

Babu akaimba. Jamani, Babu akaimba! Tulimsikia mpaka akivuta pumzi. Bibi akafumba macho, akashika ukingo wa meza, akasema tu kwa Kirundi, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, na machozi yakafuata.

Ubeti wa pili ukaisha. Kabla ya wa tatu kuna kimya kidogo, mahali ambapo siku zote tulisikia kukaanga tu. Ndani ya kimya kile, mtu akacheka. Kikapanda juu, kikakwama kama pikipiki iliyoishiwa mafuta.

Baba mdogo akanitazama. Mimi nikaitazama santuri.

"Bibi, umesikia? Kuna kitu kimeingia humo!"

"Hakijaingia," Bibi akasema, akijifuta macho. "Kilikuwamo tangu tunainunua. Babu yako kilimkera sana. Aliapa siku ile wanarekodi hapakuwa na mtoto. Sindano ilipochakaa, kikafukiwa, nikakisahau." Akanishika shavu. "Kumbe mtoto mwenyewe ni weye."

Nikataka kucheka. Mdomo ukafunguka, mabega yakatikisika, sauti haikutoka. Mpaka leo haijatoka. Utani ninao, tena umenoga kuliko zamani, watu wanaanguka chini, lakini mimi nakaa kimya kama kabati. Shuleni wameona nimetulia, wamenipa ukiranja wa nidhamu. Mimi!

Sijuti, msinielewe vibaya. Sikio la Bibi limebaki na upenyo tu, na anasema besi siku hizi anaihisi kwa vidole juu ya meza, ila kile kicheko bado anakisikia vizuri kabisa. Kila Jumapili tunaipiga mara moja, si zaidi, maana sindano inakwisha, na ikiisha hii, najua ni kiganja gani chenye nyingine.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Kibondo na bajeti ya jogoo, chomoa sindano, acha kichwa, pima kwa maharage. Lakini ukikuta koti limekaa juani, usimwambie aonje. Na kama neno hilo limeshakutoka, akakuomba chako, usicheke. Lia. Kilio anaweza kubaki nacho.