Nane Niliyompa Baba

Dereva mzuri kuliko wote niliowahi kupima alijipa, mahali pamoja, alama tatu kwa kumi. Nikamcheka mbele yake.

Dereva huyo ni baba yangu.

Mimi naitwa Maurine. Kazi yangu ni kuwanoa zaidi madereva wa mabasi ya shule, watu wenye leseni na miaka yao barabarani. Tunazunguka mitaa ya Eastlands, Nairobi, saa nzima, tunaegesha, halafu kabla sijasema neno dereva anajaza fomu na kujipa alama mwenyewe. Ndipo namwambia nilichoona mimi.

Shida ya hiyo fomu ni wazee wetu. Mtu aliyekulia kanisani hawezi kujipa kumi, ataona anajisifu. Anajiwekea nne, tano. Nilizoea kuwaongezea, tunacheka, yanaisha.

Baba alikuwa na miaka thelathini kwenye usukani bila kugonga hata kuku. Siku ya kumpima tulitoka Muthurwa hadi mtaa wa Tena, akiendesha polepole, mikono imetulia. Ukweli ni kwamba sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa namwangalia baba, nikijivunia.

Akajipa saba kila mahali. Kwenye kuangalia upande wa kushoto akaandika tatu.

"Baba, wacha kujishusha," nikamwambia nikicheka.

"Maurine, hiyo tatu ni tatu."

Nikaikata, nikaandika nane, nikatia sahihi. Akaitazama karatasi, akasema, "Sawa, mwalimu ni wewe."

Wiki tatu baadaye, asubuhi, akikata kona ya kushoto pale Tena, alimgonga Kadija, jirani yetu anayeuza mahamri. Watoto ndani ya basi walimwona Kadija kabla yake.

Alifariki siku ya pili. Walipomzika, baba alisimama nje ya geti la makaburi, hakuthubutu kuingia.

Alipopimwa macho, la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa.

Kazini wakauliza ile nane imetoka wapi. Baba akasema ameiandika yeye baada ya mimi kutia sahihi, amedanganya ili abaki na kazi. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

Nilinyamaza. Nasema haya nikilia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilinyamaza.

Jumapili hakwenda kanisani. Nilimkuta sebuleni, hata redio hajawasha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi kwamba haoni.

Akanigeukia.

"Kuacha gari mwenyewe nilishindwa, mama. Na pale kazini wote wananiheshimu, hakuna ambaye angenifelisha. Ndio nikaenda kwa msimamizi wenu, Odera, nikamwomba wewe ndiye unipime. Nilijua mtoto wangu hawezi kunidanganya."

Niliinamisha kichwa kwenye magoti yake nikalia kama siku niliyozika mamangu, na yeye akawa ananipapasa mgongo, eti ananibembeleza mimi.

Kesho asubuhi naenda kwa Odera kusema ule mwandiko ni wangu. Baba hataki. Kazi itaenda, na pengine nitashtakiwa pamoja naye. Kadija hatarudi hata nikisema.

Wewe unayesoma, mtu wako akikuambia kuna mahali hawezi, usikimbilie kumfariji. Keti chini umuulize hawezi vipi, na umsikilize mpaka amalize. Mimi baba yangu aliniambia mara mbili.