Megahezi Arobaini Chini ya Paa la Bati

Siku yangu ya kwanza kazini Kolwezi, chef, yaani mkuu, wa huduma ya mashine alinipa burashi. Zilikuwa mashine za kadi za matundu, na vumbi jekundu la mgodi liliziba matundu mengi kuliko tuliyotoboa.

"Tata Tshimanga, huu mwaka wa burashi hauandikwe mu registre," alisema. "Kampani inahesabia tangu siku utashika mashine."

Nikaomba iwe miezi sita. Alikataa mara mbili.

Baadaye kadi zikaondoka, zikaja kompyuta ndogo. Nikajifunza kadi mama, ule ubao mkubwa unaobeba vyote, na kavalie, kijiplastiki kama punje ya mchele kinachounganisha pini mbili. Ukihamisha kavalie, prosesa, ubongo wa mashine, inakimbia kupita mwendo iliotengenezewa, unaopimwa kwa megahezi.

Kisha kampani ikaanguka, na sisi wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa hapa Kolwezi, mtaani Kapata, tukaambiwa turudi "kwetu". Watu walikaa stesheni na magodoro yao, wakingoja treni. Kila mfanyakazi alihitaji cheti cha miaka ya kazi. Bila hicho, huko aendako angekuwa mtu aliyeota kwamba aliwahi kuajiriwa. Kompyuta moja tu iliyobaki ndiyo ilijumlisha miaka, faili kwa faili. Treni ilibakiza siku nne. Kazi ilihitaji karibu tano.

Chef, ambaye yeye hakufukuzwa, akaja na gazeti la kompyuta la Ulaya.

"Soma. Banasema hii kadi mama inatoka megahezi thelathini na tatu inaenda arobaini, bila kosa hata moja."

"Bilipimwa wapi, chef? Kule ni baridi, banavaa makoti mu bureau."

"We unapenda kubisha! Batu bako benyewe ndio banangoja."

Hapo alinishinda. Nikahamisha kavalie. Asubuhi mashine ilikimbia vizuri, na chef akanipungia gazeti kama bendera. Saa nane mchana, bati likiwaka juu yetu, nikarudia faili moja ya asubuhi, ya dereva wa tingatinga. Asubuhi alikuwa na miaka thelathini na moja. Sasa ishirini na tatu. Mashine haikuganda, haikulalamika. Ilidanganya kwa adabu.

"Basi hesabia kila faili mara mbili," chef alisema.

"Mara mbili kwa arobaini inachelewa kuliko mara moja kwa thelathini na tatu."

Akapiga hesabu kwenye jalada la gazeti. Akaipiga tena. Kisha akalitia gazeti chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, likafaa.

Nikarudisha kavalie. Mashine ikaanza na herufi A, chef akachukua kalamu ya bic na muhuri, akaanza kwa mkono kutoka Z. Tulikutana kwenye M, asubuhi ya treni.

Cheti changu, cha herufi T, alichoandika kwa mkono wake, aliniwekea kimekunjwa mfukoni. Nilikifungua treni iliposimama stesheni ya Lubudi. Miaka kumi na tisa. Nikahesabu: kumi na minane. Nikahesabu tena, nikaanza kumcheka chef na bic yake. Ndipo nikaukumbuka ule mwaka wa burashi.

Nimestaafu huku Kananga, Kasai, nikitengeneza kompyuta. Vijana hunionyesha kwenye simu watu wanaosifu kadi mama, wakiuliza yupi wa kuaminiwa. Nawaambia waulize alipima saa ngapi, chini ya paa gani, na kama kosa lake litasafiri na mtu mwingine. Cheti kipo kabatini. Nimekihesabu mara nyingi. Kila mara ni kumi na tisa.