Magazini mpya ya bastola ilivyonitoa jasho wiki nzima hapa Mwanza

Wakuu, heshima kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Haya yamenipata mimi mwenyewe wiki iliyopita na sijaongeza chumvi. Ningekuwa naongeza, ningejipa mwisho mzuri zaidi.

Naishi Buswelu. Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, sasa nafuga ng'ombe kule Usagara. Wezi walivamia zizi mara mbili, ya pili wakamvunja mkono mchungaji wangu. Ndipo nikaomba kibali na kumiliki bastola kihalali.

Magazini nilikuwa nayo moja tu. Mwezi uliopita nilikuwa mwalo wa Igombe, kule mitumbwi inakoshusha samaki, nikainama kwenye mtumbwi kunawa mikono, ikachomoka kwenye mkoba wa mkanda ikazama ziwani. Nikaripoti kituoni, nikapewa RB, namba ya taarifa ya polisi. Mpaka hapo sina wa kumlaumu.

Wiki mbili zilizopita afande wa leseni akanikumbusha kwamba Ijumaa inayofuata ni zamu yangu ya kupimwa kabla ya leseni kuhuishwa. Akanipa masharti mawili: bastola isikwame, na kati ya risasi nane, sita ziguse ubao. Ukishindwa moja, silaha inabaki ghala la kituo mpaka zamu ijayo.

Zizi langu bila ile bastola mnalielewa. Mchungaji alishaniambia wazi: "Mwalimu, siku ikichukuliwa, na mimi unitafutie nauli ya kurudi kwetu."

Jumatatu nikaenda duka la silaha pale mjini, nikanunua magazini mpya. Muuzaji tumwite Deo, mtu wa makamo, mcheshi sana.

Kwa asiyeijua, magazini ni kijisanduku cha chuma kinachoingia kwenye mshiko wa bastola. Ndani kuna springi inayosukuma risasi kwenda juu. Pale juu kuna kingo mbili zilizokunjwa kwa ndani, zinaitwa midomo. Midomo ndiyo inayoshika risasi ya juu isitoke kabla ya wakati. Ikipanuka kidogo tu, risasi zinatoka kwa fujo kama wanafunzi kengele ikilia.

Jumanne nikaenda uwanja wa shabaha. Msimamizi ni mzee Masanja, mwanajeshi mstaafu. Risasi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu na ya nne zikatoka pamoja, zikakwama mlangoni, pale risasi inapoingilia kwenye mtutu.

Nikatoa, nikasafisha, nikarudia. Ya tatu ikakwama tena.

"Umeipaka mafuta?" mzee akauliza.

"Nimeipaka, mzee."

"Basi usiilaumu bado. Rudi kwa aliyekuuzia."

Jumatano nikarudi dukani. Deo hata hakuitoa kwenye bahasha.

"Mwalimu, hii ni mpya, haijazoea. Ni kama kiatu. Kiatu kipya si kinabana?"

"Kiatu kinabana, Deo. Hakikwami mlangoni."

"Wewe ipige tu, italainika. Labda na mkono wako unatetemeka, umri nao huo."

Wakuu, mimi na elimu yangu yote nikaondoka na lile jibu. Lilinitia hata aibu kidogo. Usiku mzima natazama mkono wangu.

Alhamisi asubuhi nikarudi kwa mzee Masanja na risasi zangu zilezile. Ikakwama ya tatu. Safari hii mzee akafanya kitu ambacho ningepaswa kukifikiria mimi niliyefundisha watoto majaribio ya maabara. Akaleta magazini yake ya aina hiyohiyo, tukiwa palepale uwanjani chini ya macho yake. Bastola yangu, risasi zangu, mkono wangu unaotetemeka. Kilichobadilika ni kimoja tu.

Nane zote zikapita.

Mzee akaishika ile yangu juani. "Njoo uone. Mdomo huu umefunguka, na una kovu. Umeiangusha?"

"Sijaiangusha hata mara moja."

"Basi kuna mtu ameitesa kabla yako."

Nikataka koleo niubane mwenyewe. Akanikatalia. Akasema chuma kilichokunjuliwa na kukunjwa tena hakina ahadi, siku moja kitakusaliti mbele ya mwizi. Akaniandikia karatasi kueleza alichokiona.

Mchana nikawa kwa Deo. Akaisoma ile karatasi, akainua macho.

"Mwalimu, kovu hili ni la kuangusha. Ulishapoteza moja ziwani, au nadanganya?"

"Ziwani na sakafuni ni vitu viwili, Deo."

"Umekuja umechemka. Kaa kwanza upoe, tuongee kama ndugu."

Akatoa soda mbili za chupa kwenye friji. Akavuta droo ya magazini za kuuza, akachukua moja, akaweka mdomo wa ile magazini chini ya kizibo, akabinya. Kizibo kikaruka. Akachukua chupa ya pili, akafanya vilevile. Akanisogezea ya kwangu.

Yangu sikuigusa. Yeye anakunywa.

"Deo," nikamwambia, "hiyo uliyofungulia ni ya nani?"

"Ya dukani."

"Na yangu ilitoka wapi Jumatatu?"

Akaitazama iliyo mkononi. Akatazama droo. Akaiweka chupa mezani polepole sana.

"Lakini mwalimu," akasema, "hiki si ni chuma?"

Nawaambia kweli, hasira iliniishia kwa uchovu. Nikachukua kalamu, nikamchorea mdomo wa magazini kwenye kipande cha boksi, nikamweleza kama namweleza mwanafunzi wa kidato cha pili. Akaelewa, na naomba tumpe haki yake: aliomba radhi bila kona. Tukakagua droo nzima pamoja. Karibu zote zina kovu palepale. Moja tu ilikuwa bado ndani ya plastiki ya kiwandani. Akanibadilishia hiyo, zile nyingine akazifungia kando.

Ila uwanja ulikuwa umeshafungwa. Ijumaa asubuhi nikamwomba afande nijaribu magazini mpya kabla ya kipimo.

"Hapa si maabara, mwalimu. Simama kwenye mstari."

Nikasimama. Nikapiga ya kwanza, nikasikilizia. Ya pili, nikasikilizia. Ya tatu ikapita, nikashusha pumzi kama niliyemaliza mtihani. Nne, tano, sita, saba, nane. Hakuna iliyokwama. Nikageuka natabasamu.

Afande alikuwa anatazama ubao.

"Silaha iko safi kabisa," akasema. "Ubao una matundu matatu."

Wiki nzima, wakuu, nilikuwa nasikiliza bastola. Kulenga nilikusahau.

Kwa hiyo bastola nzima, na magazini nzima, viko ghala la kituo mpaka zamu ijayo. Mchungaji nimembembeleza abaki kwa sharti kwamba nami nilale kulekule Usagara. Hapa naandika nikiwa ndani ya uzio wa zizi, ng'ombe wananitazama.

Nilichojifunza ni hiki. Ukinunua magazini, ikague midomo palepale kaunta, uilinganishe na nyingine, usione aibu. Ikikwama, badilisha kitu kimoja kwa wakati, tena uwanjani mbele ya msimamizi, kamwe si nyumbani, na usiikunje mwenyewe. Usisubiri wiki ya kipimo. Na tatizo la chuma likiisha, kumbuka bado kuna wewe.

Kama umeshafeli shabaha ukapita mara ya pili, niambie hapa chini ulifanya mazoezi gani na silaha ikiwa kituoni. Vicheko navyo ruksa, nilishajicheka mwenyewe.