Kiganja Chini ya Rangi

Hospitali walipompima mume wangu damu wakasema ana risasi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia jirani mmoja tu, mshona viatu. Jioni haijafika, ua umejaa watu waliokuja kumpa pole majeruhi. Mmoja kaja na machela, jamani! Mume wangu anatoka bafuni na taulo lake, mzima wa afya, anawakuta wanabishana kama imeingilia begani au mgongoni. Ikabidi nieleze. Risasi hii si ya bunduki, ni yale madini, ilikuwa inatiwa kwenye rangi za zamani, na kazi yake yeye ni kutoa rangi za zamani kwenye mashine za chuma. Vumbi lake humwingia mtu polepole, likizidi humpanda kichwani akaona yasiyokuwepo. Tangu siku hiyo hakwangui kikavu, kila kitu ni kwa maji.

Mtaani wanamwita Kwangua. Mletee cherehani ya bibi yako au mizani ya duka iliyopakwa rangi mpaka herufi zimefukiwa, atakurudishia chuma kitupu kinachong'aa. Hupaka uji wa unga uliochanganywa na kostiki, ile dawa kali inayokula rangi, akafunika kwa nailoni, akangoja rangi ilegee, ndipo aitoe kwa kikwangulio, tabaka moja kwanza, kisha linalofuata. Wenye haraka zao huchoma kwa moto. Yeye ng'o! Mwanaume gani huyu, nilikuwa nasema, anayebembeleza chuma kuliko mkewe?

Lakini sababu nilikuwa naijua. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha sabuni, kwenye mashine ya kugonga chapa. Siku mume wangu anazaliwa, mashine zilikuwa zinapakwa rangi ya kijani. Habari ilipomfikia baba mtu akaruka kwa furaha, akajishikiza kwenye mashine yake, rangi bado mbichi, akaacha kiganja kizima. Na kiganja chenyewe hakikuwa na wa kufanana nacho, maana kidole cha kati kilikuwa nusu. Mashine hiyo hiyo ilishakila. Mtoto hajaanza hata kutambaa, yakaja mafuriko. Daraja likaenda na waliokuwa juu yake, baba mtu akiwemo. Mwili haukuonekana. Picha hakuacha.

Basi mume wangu akakua akijua kitu kimoja tu cha baba yake, kwamba chini ya rangi mahali fulani kuna mkono wake. Kiwanda kilipofungwa na mashine kutawanyika, akajifunza kazi hii ili zimfikie. "Siku moja nitaweka mkono wangu pale," alikuwa akiniambia. Na mama yake, ambaye tunaishi naye na macho yake yanazimika kidogo kidogo, kila mashine ikiingia uani alikuwa anauliza kutoka chumbani, "Ndiyo?"

"Siyo, Mama."

Mwaka huu ikawa ndiyo. Mwenye hoteli mmoja aliipata kwenye vyuma chakavu, akataka iwe chuma kitupu, apambie mapokezi yake. Mimi niliichukia tangu inashushwa bandani. Lile gurudumu lake kubwa lilikuwa linasogea lenyewe, kidogo tu, ukishaipa mgongo. Kwangua akasema uzito wake umeegemea upande mmoja. Haya, na ile harufu? Chuma hakijagusa sabuni miaka nenda miaka rudi, lakini mvua ikinyesha banda zima linanuka sabuni mbichi, mpaka nguo zangu kwenye kamba.

"Hiyo risasi yako imenipanda na mimi," nikamwambia. Hakucheka.

Rangi za kiwanda kile anazijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe. Juu nyeusi, chini yake maruni, kisha kijivu, na chini kabisa kijani. Kijivu walipaka baada ya mafuriko, kuficha kutu iliyoachwa na maji. Kijani ni ya kabla. Kwa hiyo alichokuwa anakitafuta kilikuwa kwenye kijani, mwisho kabisa.

Nyeusi ilitoka bila matata. Akawa anapapasa maruni kwa vidole, ubavuni mwa mashine, mara akasimama.

"Mama watoto, hebu njoo. Shika hapa."

Nikashika. Kulikuwa na kibonde kinachotosha kidole. Pembeni yake kingine. Maruni ya pale haikuwa imeshika sawasawa kwa sababu ya mafuta ya sabuni, na alipoingiza ncha ya kisu ikaachia yote kama ganda la yai. Kiganja hicho hapo. Kidole cha kati nusu. Mpaka mistari ya mkono ilikuwepo. Mume wangu akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, nami nikamsaidia kulia.

Tukamleta Mama, nimemshika mkono. Akapapasa taratibu, na alipofika kwenye kile kidole kifupi akaanza kucheka.

"Ndiye! Ndiye mwenyewe huyu! Oneni haraka zake, mpaka gumba limeteleza." Akacheka weee, halafu akauliza, kuuliza tu, "Na kijani chenyewe bado kinang'aa?"

Mimi na mume wangu tukatazamana. Kwa ile furaha hatukuwa tumeangalia rangi.

"Ni kijivu, Mama," nikasema, maana mdomo wangu haujui kusubiri.

Hakuuondoa mkono. Kicheko kikaisha, lakini mkono ukabaki pale pale.

"Kijivu walipaka baada ya msiba," akasema. "Nilikwenda mwenyewe kiwandani kuchukua nguo zake, nikawakuta na makopo." Akakipapasa tena kile kidole kifupi. "Kumbe alibisha kweli."

"Nani alibisha?" mume wangu akauliza.

"Baba yako. Siku ile ile nimerudi na nguo zake. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nasikia hodi. Sauti yake. Shangazi yako alikuwa na mimi, akaniziba mdomo. Akasema aliyekufa maji hurudi kuomba nguo kavu, na ukimwitikia umekwenda naye. Hodi ya pili. Wewe ulikuwa unanyonya. Hodi ya tatu. Sikuitika. Nikasikia miguu inaondoka kwenye matope." Akageuza uso upande wetu, macho yake hayatuoni. "Mtu anabisha hodi tatu kwake mwenyewe, hajibiwi. Ungekuwa wewe ungengoja?"

Kama aliyebisha alikuwa hai au marehemu, hakuna aliyethubutu kuuliza. Majibu yote mawili yalikuwa mabaya.

Kesho yake Kwangua akamulika tochi kwa ubavu, akaona jambo jingine. Ndani ya kiganja cha kijivu kulikuwa na alama ya kingine kilicho chini zaidi, vimepishana kidogo. Baba mtu alikuwa amerudi akaweka mkono pale pale alipouweka siku mwanawe anazaliwa. Cha kijani kilikuwepo kweli. Ila kukifikia, lazima akwangue cha kijivu.

Akachukua kikwangulio. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza.

"Cha chini ni chako, mwanangu," akasema. "Cha juu ni changu. Lakini fundi ni wewe, fanya utakavyo."

Nikapandwa na hasira. "Mama, ukimwambia mtu afanye atakavyo kwa sauti hiyo, si umeshamfunga kamba?"

Mume wangu alisimama mbele ya ile mashine mpaka uji wa kostiki ukaanza kukauka ndooni. Miaka yote ile ya kukwangua, na sasa baba yake yuko chini ya tabaka moja tu. Nilimwonea huruma nikashindwa kutazama. Mwishowe akaenda bombani akaosha kikwangulio, akakifunika kile kiganja kwa nailoni akakiacha. Kwingine kote alitoa rangi mpaka chuma kikawa cheupe. Mwenye hoteli akiuliza kiraka cha kijivu ni cha nini, ataambiwa ndiyo uzee wa mashine.

Tangu hapo Mama akawa anakaa na shati mapajani, moja ya zile nguo za kiwandani. "Lina nondo hilo, Mama, litupe," nikamwambia. Akalikunja upya.

Siku ya kuja kuchukuliwa mashine, mvua ilinyesha mchana. Tulikuwa tumekaa sebuleni na chai, kunanuka sabuni.

"Hodi!"

Kikombe cha mume wangu kikasimama njiani. Mama, ambaye hata chooni humpeleka mimi, alishainuka. "Karibu! Karibu ndani, karibu!"

Akaingia dereva wa hoteli, mtu wa makamo, amelowa chapachapa. Yesu na Maria, nilicheka! Nilicheka kwa woga mpaka mbavu zikauma. Mama wala hakujali. Alimfuta maji kwa kanga yake, akamvisha lile shati juu kwa juu. Maskini dereva, lilimfika karibu na magoti, na tundu za nondo begani, yeye anasema tu ahsante mama, ahsante. Kisha akatazama mlangoni.

"Na yule mzee? Mbona mnamwacha kwenye mvua?"

"Mzee gani?" nikauliza.

"Si huyo niliyemkuta hapo nje. Nikamwambia abishe yeye, maana ndiye aliyetangulia. Akasema nibishe mimi. Yeye hapa ameshabisha vya kutosha."

Dereva yule hana risasi kwenye damu. Nilifungua mdomo, nao kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu.

Mama akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Mlango wetu una mbao mbili, moja hatuifungui kamwe. Akaling'oa komeo lake, akafungua zote, mvua ikaingia mpaka kwenye mkeka.

"Karibu," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akasogea pembeni, kama unavyompisha mtu apite.

Mume wangu akasimama. Akafuta mkono wake kwenye suruali, akaunyoosha mbele.

"Shikamoo, Baba," akasema.