Siku Niliyoambiwa Sina Makaburi

Shule yetu ipo pale maduka ya Bariadi yanapokwisha na mashamba ya pamba yanapoanza. Ukisimama getini, upande mmoja unaona mabati ya mji na minara ya simu, upande wa pili ni pamba mpaka macho yachoke. Watoto walikuwa wakiingia kutoka pande zote mbili, wanakaa dawati moja, kengele ya mwisho ikilia kila mmoja anarudi kwao. Sisi wazazi hatukujuana. Mimi nina duka. Watu wa mashambani walikuja kununua chumvi na sabuni, tukasalimiana "mwadila mayu", yaani habari za mchana mama, basi, yakaishia hapo. Sisi tulikuwa na msikiti wetu. Wao walikuwa na kanisa lao na nzengo yao, ule umoja wa kaya za Wasukuma unaosaidiana kwenye kilimo na misiba. Ugomvi haukuwepo. Lakini hata ujirani haukuwepo.

Kilichotukutanisha ni njaa. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, na watoto wakaanza kuanguka mstarini asubuhi. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mama mwenye sauti ya upole ambaye hata akigomba ungedhani anakubembeleza, aliita mkutano wa wazazi. Alitaka shule ipike chakula cha mchana.

Watu wa mjini wakasema watoto wao wanarudi kula nyumbani. Watu wa mashambani wakasema wao hawana cha kuchangia ila mahindi kidogo na choroko. Mkutano ukawa wa pande mbili, kila upande unazungumza na wenzake. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama nikasema, wenye mahindi na choroko walete mahindi na choroko, sisi wa dukani tutaleta mafuta, vitunguu na chumvi, na sufuria kubwa mbili za shughuli ninazo mimi. Tupike makande. Makande hayana haramu wala halali ya kubishania, kila mtoto atakula.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, kajifunga kitenge, miguu ina udongo mweusi wa mbugani, akapiga makofi peke yake. Watu wakacheka, kisha wakapiga nao. Huyo ndiye niliyepangwa naye zamu ya kupika.

Alikuwa mjane. Mumewe alifariki akamwacha na watoto na shamba la pamba, shamba lenyewe likiwa katikati ya ardhi ya shemeji zake. Alikuwa na mikono yenye nguvu. Alikoroga sufuria ile kama anayepiga makasia, mimi nimeshajaa machozi ya moshi nimekaa pembeni.

"Mayu," aliniambia siku ya kwanza, "wewe ulizaliwa wapi, mbona moto unakushinda?"

"Nimezaliwa hapa hapa Bariadi."

"Hapa hapa? Na huu Uswahili wote?"

Tulicheka. Nikamweleza kwamba babu yangu alitoka upande wa Kondoa, akaja na biashara ya nguo akaoa akabaki, na kwamba Kisukuma nimekijua tangu nacheza na watoto wa jirani. Hakuamini mpaka nilipomjibu kwa Kisukuma. Tangu siku hiyo tukawa tunachanganya, neno la huku, neno la kule.

Sitaki kuikuza habari hii zaidi ya ilivyokuwa, lakini naweza kusema lile jiko la mafiga matatu lilifanya kazi ambayo hakuna aliyeitegemea. Akina mama waliokuja kuchambua choroko walianza kukaa hata baada ya kazi kwisha. Waliulizana habari za ndoa na magonjwa. Aliyekuwa na mgonjwa hospitalini alipata mtu wa mjini wa kumpelekea uji. Mfanyabiashara aliyenunua dengu alijua sasa anunue kwa nani bila dalali. Mwalimu mkuu aliona hivyo akaongeza: siku za michezo aliwaita akina baba nao, wa mjini na wa shamba, wachimbe vyoo pamoja asubuhi, mchana mpira. Mume wangu, ambaye hajawahi kupenda mpira, akawa golikipa. Rafiki yangu, yule mjane, alipomwoza binti yake mkubwa, alimwomba mume wangu akachinje ng'ombe ili sote tuweze kula. Nilikaa kwenye ile harusi kama mtu wa nyumba, nikipakua.

Na mama yangu alipofariki, walikuja. Niliwaona kutoka dirishani wakija kwa mstari, kila mmoja na ndoo ya maji au mzigo wa kuni kichwani, na rafiki yangu yuko mbele. Hawakujua taratibu zetu za msiba, wakauliza, wakaelekezwa, wakavua viatu wakakaa kwenye mikeka. Wanaume wao walikwenda na wetu kwenye makaburi ya Waislamu, barabara ya Lagangabilili, na shemeji mkubwa wa rafiki yangu alishika jembe akachimba. Mume wangu aliniambia jioni, "Yule mzee amechimba kuliko hata ndugu zako." Rafiki yangu alilala kwangu mpaka siku tatu za matanga zilipoisha. Usiku niliposhtuka nikilia alikuwa akinishika mgongo.

Kwa hiyo ninaposimulia lililofuata, mjue nasimulia habari ya mtu huyo, si habari ya mtu baki.

Miaka ikapita. Mwalimu mkuu wetu akahamishwa, akaja mwingine, kijana, mwenye haraka. Habari za chakula cha shule zilikuwa zimefika mbali, na wafadhili wakaahidi kutujengea jiko la kisasa na bwalo la watoto kulia. Ujenzi ungesimamiwa na kamati ya shule. Muda wa kamati ya zamani ulikuwa umekwisha, na mwenyekiti wake alikuwa amezeeka, akasema hagombei tena. Ikatangazwa siku ya uchaguzi.

Mimi sikuwa nimefikiria uenyekiti. Rafiki yangu ndiye aliyenitia maneno hayo, tukiwa jikoni.

"Mayu, ni wewe tu. Nani mwingine? Wewe ndiye uliyeanzisha."

"Watanikubali?"

"Wakukatae kwa lipi? Mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Siku ya mkutano alipita dukani kwangu asubuhi. Nilimpa chai na maandazi, akanywa haraka haraka huku macho yake yako barabarani. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni joto tu. Aliondoka kabla yangu, na hilo nalo lilikuwa geni, maana siku zote tuliongozana.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la saba, watu wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mmoja akataja jina langu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikamtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa amekaa upande wa dirishani, kati ya shemeji zake.

Shemeji mkubwa akasimama. Alizungumza vizuri sana. Akashukuru watu wa mjini kwa moyo wao, akanitaja mimi kwa heshima, "mama yetu wa dukani". Kisha akasema kazi iliyo mbele ni kubwa, majengo yatakaa vizazi na vizazi, na yeye anaona afadhali mwenyekiti awe mzazi wa upande wa mashambani. Akamtaja rafiki yangu.

Nilikaribia kucheka. Nilijua atasimama akatae.

Alisimama. Alikuwa amekishika kitenge chake kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu mpya akamuuliza kama anakubali jina lake lipigiwe kura pamoja na la mama wa dukani, maana wote wawili wanajulikana kwa kufanya kazi pamoja. Akajibu kwa Kisukuma, na hakunitazama.

"Nakubali. Yule mama ni mwema, lakini ni mtu wa duka. Watu wa duka biashara ikiharibika wanafunga mizigo wanaondoka. Sisi hatuna pa kwenda. Sisi makaburi yetu yapo hapa."

 Wa mjini wasioelewa Kisukuma waliuliza, amesemaje, amesemaje, na mtu mmoja akawatafsiria kwa sauti ya chini.  Nilimwona mama yangu akitolewa kwenye nyumba yangu kwenye jeneza lile la msikiti, na huyu mwanamke yuko mlangoni ameshika kiwiko changu ili nisianguke. Nikamtazama shemeji yake mkubwa, yule aliyechimba kaburi. Alikuwa anatazama ubao.

Kura zilikwenda kama zilivyopangwa. Wa mashambani ni wengi kuliko sisi. Nilimpa mkono mbele ya watu, kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, na mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Nikarudi nyumbani. Kesho yake mume wangu alikwenda shuleni na mkokoteni akarudi na sufuria zangu zote mbili.

Sikumtuma. Sikumzuia pia.

Baada ya hapo mambo yaliharibika bila mtu kuyaharibu kwa makusudi. Wenzangu wa madukani wakaacha kupeleka mafuta na vitunguu. Niliwaambia wapeleke, wakasema, "Wapeleke wenye makaburi." Lile neno likageuka utani wa sokoni, kila nikipita nalisikia, na waliokuwa wakilisema walidhani wananifariji. Shule ikakodi sufuria, ikapika mahindi na chumvi. Watoto wa mjini wakaanza tena kurudi kula nyumbani. Mwanangu wa kike alikuja siku moja akaniuliza kwa nini mwenzake wa dawati moja, mtoto wa rafiki yangu, ameambiwa asije tena kucheza kwetu. Nilimwambia akamuulize aliyemwambia. Lilikuwa jibu baya kumpa mtoto.

Rafiki yangu alikaa muda mrefu bila kuja dukani. Alinunua mahitaji kwa wengine, wapo wengi. Kisha siku moja mchana, jua kali, hakuna mteja, akaja. Akasimama nje ya kaunta.

"Mwadila mayu."

"Mwadila."

"Nipe sabuni."

Nikampa. Hakuondoka.

"Walikuja nyumbani," alisema. "Siku mbili kabla. Wote, na wake zao. Wakasema mradi huu una ajira, una tenda za mchanga na mawe, haiwezekani ukae mikononi mwa watu wa mjini. Nikawaambia nimeshaahidi. Shemeji akasema, haya, mpigie kura, halafu ukalime huko huko dukani kwake."

"Kwa hiyo ulijua. Ulipokunywa chai yangu ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia nisigombee. Ningeacha. Kwani mimi nilikuwa na haja gani na kiti?"

"Nilikuja kukuambia. Chai ikanikwama."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo. Nililala nayo, nikaamka nayo. Yote yaliniishia, likabaki moja.

"Kiti ungechukua tu. Ardhi ni ya watoto wako, nisingekulaumu. Kwa nini ukasema lile neno? Wewe, uliyelala kwangu siku zile?"



"Walitaka niseme mimi," alisema. "Wakilisema wao wangeonekana wabaguzi. Mimi ni rafiki yako, nikisema mimi, watu wanaona ni kweli."

Sijawahi kupigwa kofi maishani, ila nadhani linafanana na hivyo. Kumbe zile siku zote za moshi, harusi, na msiba, zilikuwa zimempa uzito wa kunikana. Bila urafiki wetu neno lake lisingekuwa na nguvu. Nilimrudishia chenji yake nikaenda nyuma ya rafu, nikasimama huko nikipanga viberiti ambavyo vilikuwa vimepangwa, mpaka niliposikia kandambili zake zikienda.

Jiko lilijengwa. Ni zuri, lina bomba la moshi na sakafu inayofagilika. Mchanga ulisombwa na trekta la shemeji yake. Mwalimu mkuu mpya, alipoona bwalo lina watoto wa upande mmoja tu, alinijia dukani bila haraka zake za kawaida. Akakiri kwamba alidhani majengo ndiyo yanayowaleta watu pamoja. Akaniomba nirudi. Nilimwambia mafuta nitapeleka, kwa sababu mtoto hajui uchaguzi, na nitawasemesha wenzangu nao wapeleke. Sufuria nazo nikazirudisha. Kupika sikurudi. Wenzangu wachache walikubali, wengine mpaka leo hawajakubali, na watoto wa mjini wanaokula pale ni wale ambao mama zao hawana muda wa kupika mchana.

Mwaka huu mwanangu alimaliza darasa la saba. Mahafali yalifanyika kwenye lile bwalo. Mwenyekiti wa kamati, rafiki yangu, alisoma hotuba ya Kiswahili kizuri, akawashukuru wafadhili, serikali, walimu, na "wafanyabiashara wetu". Mwanangu na mtoto wake walicheza ngoma mstari mmoja, wamevaa sare, na niliona walivyokonyezana walipokosea hatua.

Wakati wa kula, nilikaa kwenye benchi la mwisho na sahani yangu ya pilau mapajani. Rafiki yangu akaja akakaa karibu yangu.  Nilisikia pumzi yake, ile ya mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani. Nafasi kwenye mabenchi mengine ilikuwepo, na akina mama waliokuwa karibu waliacha kuzungumza ili wasikie.

Nilimaliza pilau yangu. Nilimsogezea lile jagi la maji ya kunawa, kwa sababu lilikuwa upande wangu na yeye asingelifikia. Akanawa. "Wabeja," alinishukuru. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwita mwanangu, tukaenda kupiga picha na mwalimu wake wa darasa.