Kidonge cha Baba Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilitapika kabla sijavua samaki hata mmoja. Nalisema hili mapema ili msidhani mnafundishwa na mtu aliyezaliwa baharini. Mimi ni wa Magamba, kwenye baridi. Shule niliiacha darasa la pili, nikapasua mbao, nikalima kabichi. Lakini nyumba hii ya bati ninayokaa nimeijenga kwa samaki, sikuachiwa na mtu.

Kazi ilikuwa kuvua kwa kayaki, kwenye nyumba moja ya wageni huko Pangani. Kayaki ni kimtumbwi cha plastiki. Unakaa juu yake miguu mbele, na kasia ni moja, lina vibao ncha zote mbili. Mshipi unaushusha kwa chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuuzamisha, kisha unausikiliza kwa kidole. Shida ni kuinama kutia chambo. Chombo kinayumba, mate yanajaa mdomoni, na kinachofuata mnakijua.

Msimamizi wa vyombo, Mdigo, mdogo kwangu kwa umri, alinicheka mpaka akashika mbavu.

"Msambaa, unalisha samaki bure! Tazama ufukoni, usitazame miguu yako. Na usije na tumbo tupu."

Alisema kweli. Muhogo mkavu, tangawizi, macho mbali. Kichefuchefu kilipungua, hakikuisha. Nikaongeza kidonge cha safari, kile wanachomeza watu Mombo kabla ya kona za kupanda Lushoto. Nilimeza nusu kwa siri. Usingizi ulikuja, nikapigana nao kwa kuimba. Nyumbani nilikuwa nimeshajitapa kwamba bahari nimeifunga kamba kama mbuzi.

Ndipo baba mkwe akashuka kutoka Kwai. Mzee wa kanisa, mfugaji, hajawahi kutia maji kwenye maziwa ya mtu. Mke wangu alikuwa bado kwao. Mzee alisema binti yake haji pwani mpaka yeye mwenyewe aione hiyo kazi kwa macho yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo merikebu yenyewe hii? Mbona kama hori la ng'ombe?"

Msimamizi akageuka pembeni kucheka. Mzee akatia mkono kwenye koti, akatoa kidonge kizima.

"Meza, mwanangu. Mimi nilimeza Lushoto, kona zote sikuziona. Nimeamshwa Mombo."

Nusu yangu ilikuwa tayari tumboni. Ningesema nimeshameza, ningekuwa nimekiri kwamba bahari inanishinda. Na mkono wa baba mkwe haurudishwi. Nikameza mbele yake, nikashukuru.

Kwenye basi ukilala, dereva yupo. Kwenye kayaki dereva nilikuwa mimi.

Nakumbuka nilishusha mshipi, kidole kikawa kizito. Kisha nikasikia, "Wee Msambaa! Unahamia Pemba?" Kasia halipo, mshipi haupo, maji yananipeleka nje. Msimamizi akanifuata kwa kayaki nyingine, akafunga kamba, akanivuta mpaka ufukoni kama gogo la msituni. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamejipanga wakishangilia. Udenda ulikuwa umenifika kifuani, miguu haisimami.

Baba mkwe alivua koti lake akanifunika bila kunitazama usoni. Akanipa mgongo, akawaambia watu, "Mwacheni apumzike. Huyu amevua usiku kucha."

Msimamizi alijua, kama mzee mwenyewe alivyojua, kwamba usiku ule sikuingia majini. Akafumba mdomo, na yeye hakuwa mtu wa kufumba mdomo.

Mke wangu alikuja pwani baada ya mavuno. Mzee hakulitaja jambo lile tena, wala mimi. Baadaye nilipofanywa mkuu wa kayaki, niliweka sheria: dawa ya safari ijaribiwe nyumbani kwanza, mwenzako ajue umemeza, ukisikia usingizi usiingie majini. Vijana waliniona mkali. Sababu sikuwaambia.

Sasa nimestaafu, nimerudi kwenye kabichi zangu. Mzee tumemzika huko Kwai. Mchungaji alisimama kaburini akasema marehemu hakuwahi kusema uongo maisha yake yote, na watu wote wakaitikia amina. Mimi sikuweza. Niliinama nikatazama miguu yangu, na kichefuchefu kikanipanda palepale, kwenye nchi kavu.